Nilisema Nimeshiba

Nyie wanangu mnaouza kwa simu, hebu zilazeni hizo simu kifudifudi mnisikilize. Mnapiga picha kopo la unga, mnaliweka kwenye kundi la wasap, mnaandika "mzigo mpya, bei chee", halafu mnakaa kusubiri. Mteja hajauona uso wako, wewe hujauona wake. Siwasemi vibaya, maana magoti yenu yatadumu kuliko yangu. Ila mnapokuja hapa barazani kwangu mnalalamika eti biashara imekufa, eti mtu mmoja kasema neno baya wateja wote wakakimbia, "sasa Mama Uji, tuanze tena au tuache?", nashindwa kuwajibu kwa kifupi. Swali hilo niliulizwa na mimi. Jibu nilikwenda kulikuta Munanila, ndani ya kikombe, na mpaka leo nikilikumbuka nashika kifua.

Mimi mtu wa Pangani, Tanga, niliyeolewa Kasulu. Mume wangu, Baba Zuwena, alikuwa na duka la vitambaa pale mjini, na mimi sikuumbwa kukaa nyuma ya meza nikihesabu nzi. Nikaanza kuuza unga wa lishe nyumba kwa nyumba. Ulezi, mahindi, soya, karanga. Napika uji, nautia kwenye chupa ya chai, nabeba mifuko ya unga kwenye beseni, napiga hodi. Mtu anaonja, akipenda ananunua. Ndiyo kazi yote hiyo. Kasulu mjini nilizunguka, nikashuka Buhigwe, nikafika Munanila karibu na mpaka wa Burundi, na huko nikapanga chumba pale senta ili nisirudi mjini kila siku.

Aliyenifundisha ni Skolastika, mjane, Muha wa Kibondo, mwembamba, mdomo mkali. Tulitembea pamoja na tulilala chumba kimoja. Alinifundisha kwamba soya lazima uichemshe na kuitoa ganda kabla ya kukaanga, la sivyo uji unakuwa mchungu na tumbo la mtoto linachafuka. Alinifundisha kuosha ulezi mpaka mchanga uishe kabisa, maana mama akisaga jiwe moja kwenye jino atalisimulia mpaka kwenye msiba. Haya andikeni, nyie wenye mashine za kununua, nanyi yatawafaa.

Halafu alikuwa na masharti yake ya mlangoni. Kikombe omba cha mwenye nyumba, usitoe chako. Mimina mbele ya macho yao. Kaa chini, usimimine ukiwa umesimama. Na kubwa kuliko yote: onja wewe kwanza ndipo umpe mwenzio.

"Kunywa wewe kwanza, Mama Zuwena," alikuwa akinifokea tukitoka nje ya uzio wa watu. "Kunywa wakuone!"

Nikadhani anataka niutangaze uji kwa uso. Basi nikawa navuta funda moja, nafumba macho, natoa "mmmh!" ndefu hiyo, kichwa kinayumba. Watoto wanavunjika mbavu. Wengine walinifuata nyumba hadi nyumba wakinisubiri niitoe tena. Niliamini kabisa ile mmmh yangu ndiyo inayouza unga. Nilikuwa naifanyia mazoezi nyumbani, Baba Zuwena akaniuliza kama jino linaniuma. Ramadhani ikifika, Skolastika ndiye alikuwa anaonja, na yeye hakuwa na mmmh, alikuwa anameza tu kama mtu anayekunywa dawa. Na bado tulikuwa tunauza! Hilo lingenistua wakati ule, lakini wapi.

Sasa mwaka 2013, Ramadhani imeingia, Skolastika akaitwa Kibondo. Mama yake alikuwa mgonjwa wa kulala. Nikabaki Munanila peke yangu.

Palikuwa na mama mmoja pale, Mama Editha, kiongozi wa jumuiya yao ya Wakatoliki. Mteja wangu wa siku zote. Yeye akinunua, kilima kizima kinanunua. Nilifika kwake mchana, kiangazi kimekolea, vumbi jekundu limenijaa mpaka kwenye kope. Tukaamkiana, mwakeye, mwakeye, za nyumbani, za shamba, akauliza Skolastika yuko wapi nikamweleza. Nikaomba kikombe. Nikakaa. Nikamimina mbele yake. Nikampa.

Hakukipokea. Akakitazama, akanitazama mimi.

"Na wewe karibu," akasema.

"Aa, kunyweni tu," nikasema. "Mimi nimeshiba."

Nimeshiba! Na midomo imenikauka imepasuka! Lakini nyie hamjalelewa Pangani. Kwetu mtu hatangazi saumu yake. Bibi yangu alikuwa akitukataza kabisa. Ukifunga, funga na Mungu wako, usiwatangazie watu njaa yako. Ukikaribishwa na asiyefunga, unasema nimeshiba, nashukuru, yanaisha. Ni adabu.

Mama Editha akawa bado anakitazama kile kikombe. Editha, binti yake, alikuwa mdogo wa kushika sketi ya mama, akakinyakua akagida uji wote mpaka masharubu yakamtoka. Mama akanunua mfuko mmoja, bila maneno. Nikajiambia labda amechoka. Nikaenda zangu.

Asubuhi yake nikafungua mlango wa chumba changu nifagie. Hee! Jamani! Mlangoni pamejaa unga. Unga wangu, mifuko yangu, imepangwa mmoja mmoja kuanzia kizingiti mpaka njiani. Mingine haijafunguliwa. Mingine imeliwa nusu, ikafungwa tena kwa ukamba wa mgomba. Nikatazama huku, mtu hakuna. Nikatazama kule, mtu hakuna, na ilikuwa siku ya gulio. Hakuna aliyebisha hodi. Hakuna aliyedai chake arudishiwe. Hilo ndilo lililonisimamisha nywele. Mtu wa Munanila ninayemjua mimi akirudisha kitu, mtabishana mpaka adhana ya adhuhuri. Hawa wameweka wakaondoka kimyakimya.

Nikamwona dereva wa bodaboda aliyezoea kunipakia. Nikamwita. Akasimama mbali, pikipiki inaunguruma.

"Mama Uji, unisamehe. Leo sikupakii."

"Kuna nini?"

"Mtoto wa Mama Editha yuko zahanati tangu jana. Wanasema wewe ni murozi."

Wasiojua Kiha: murozi ni mchawi, na murozi ni mtu anayetilia watu sumu. Neno ni hilohilo moja. Na huku kwetu mnajua neno hilo likimkaa mtu linavyoweza kumfanya. Watu wamechomewa nyumba. Nikakaa palepale chini, juu ya mfuko wa unga. Mimi? Mimi niliyechekwa na watoto kilima kizima? Yule dereva akaona huruma, akanitafutia lori la ndizi linalokwenda Kasulu, nikapanda juu ya mikungu bila hata kuchukua beseni langu.

Editha alipona. Ilikuwa malaria, zahanati walisema wenyewe. Lakini zahanati ikisema malaria, watu wanasema ndiyo, malaria ya kutumwa.

Mimi nikajipa jibu langu. Nikasema ni Utanga wangu. Si mnajua mtu akisikia unatoka Tanga anaanza kukutania majini? Nikasema utani umegeuka. Nikarudi nyuma ya meza ya Baba Zuwena kuhesabu nzi wangu. Niliwahesabu karibu miaka miwili. Wateja wa dukani wakiniita Mama Uji nilikuwa nawakata: "Mama Zuwena, tafadhali."

Halafu 2015 ikaja, na Warundi wakaanza kuvuka. Mliokuwa wakubwa mnakumbuka. Kambi ya Nyarugusu ikafurika, watoto wamedhoofu, na huko Kibondo watu wakawa wanasema Nduta nayo itafunguliwa tena. Skolastika akaja Kasulu na basi la asubuhi. Mama yake alikuwa ameshafariki, naye amebaki mifupa mitupu, lakini mdomo ni uleule.

"Mama Zuwena, nyanyuka," akasema hata chai hajanywa. "Kuna wamama kule wanatafuta unga wa watoto. Tuanze tena."

Baba Zuwena akadakia kutoka dukani. "Aanze tena nini? Aliponea chupuchupu juu ya lori la ndizi! Sasa aende kambini, kwa watu waliokimbia na roho zao mkononi, halafu mmoja atokee kusema huyu ndiye yule murozi wa Munanila? Nitamzika wapi mimi?"

Na alikuwa na haki, msimcheke. Warundi wengi walipita njia za huko huko, wengine wana ndugu Munanila, lugha ni moja na neno ni moja. Jina lile lingefika kambini kabla ya chupa yangu ya chai. Lakini kukaa nako kulikuwa kunaniua. Sikuwa muuza unga tena wala sikuwa muuza vitambaa, nilikuwa mtu aliyejificha. Ndiyo hali niliyokuwa nayo: nikianza naweza kupoteza roho, nisipoanza nakufa nikiwa murozi.

Skolastika akaniuliza, "Ulimkosea nini Mama Editha?"

"Sikumkosea kitu. Ni kwa sababu natoka Tanga."

"Hukuwa unatoka Tanga wakati wananunua?"

Jamani, miaka miwili sikuwahi kujiuliza hilo.

"Kamwulize mwenyewe," akasema. "Na uende peke yako. Mimi nikiwepo atanijibu mimi."

Nilikwenda. Baba Zuwena alininunia hata hakunisindikiza stendi. Ilikuwa Ramadhani tena, kiangazi tena, vumbi lilelile. Nilibeba chupa yangu ya chai tupu, sijui kwa nini, labda mikono ilikataa kwenda bure. Nikashika njia ya kwenda kwa Mama Editha. Mwanamke mmoja aliyekuwa analima aliinua kichwa, akaacha jembe palepale akaondoka mbio.

Editha ndiye aliyeniona kwanza. Amerefuka, yuko na sare za shule. Akaingia ndani kama mshale. Akatoka mama yake, na alipogundua ni mimi akashika nguzo ya mlango. Sijui nani aliogopa zaidi, mimi au yeye.

"Nimekuja kukuuliza," nikasema. "Niambie nilifanya nini."

Alinitolea kigoda, akaingia ndani. Nikasikia vyombo. Akatoka na sufuria ya uji wa ulezi na kikombe kimoja. Akakaa chini mbele yangu. Akamimina huku nikiona. Akanywa yeye kwanza, funda moja kubwa, nikaliona likishuka kooni. Akafuta ukingo wa kikombe kwa kiganja, akanyoosha mkono.

"Mimi nimekunywa," akasema. "Haya, na wewe kunywa."

Nyuma ya uzio majirani wameshafika. Mmoja anaomba moto, mwingine anatafuta kuku. Na mimi nimefunga! Kikombe kiko hewani kati yetu, na mdomoni mwangu lile neno la adabu ya bibi yangu limeshafika kwenye ncha ya ulimi. Nimeshi... Nikalitazama lile koo lake. Nikawaza, kwa nini amenywa yeye kwanza? Kwa nini hakusema mmmh?

"Nimefunga, Mama Editha," nikasema. "Ni Ramadhani. Sili wala sinywi mpaka jua lizame."

Mkono wake ukatulia. "Umefunga?"

"Nimefunga."

"Na siku ile?"

"Siku gani?"

"Siku ile uliyompa mtoto wangu uji, nikakukaribisha, ukasema umeshiba."

"Siku ile nayo nilikuwa nimefunga."

Alikiweka kikombe chini polepole, akajishika mdomo kwa mikono yote miwili. "Yesu wangu," akasema. "Yesu wangu! Mama Uji, huku kwetu anayekupa kinywaji anakinywa kwanza yeye, ujue hakina kitu. Asipokinywa, ameshakuambia. Ukimkaribisha akakataa, basi amemaliza kukuambia! Na mimi nilikukaribisha. Nilikukaribisha kwa mdomo wangu huu!"

"Kwetu mtu hatangazi saumu yake."

"Ungetangaza!" akapiga ukelele, machozi yanamtoka. "Ungetangaza, mama! Jioni ile mtoto amechemka mwili, nimemshika mikononi, nikisikia tu sauti yako, nimeshiba, nimeshiba. Ningefikiri nini?"

Mimi hata kulia siwezi. Masharti yote ya Skolastika yalikuwa yananirudia. Kikombe cha mwenye nyumba, nisije nikawa nimepaka changu kitu. Kumimina mbele ya macho. Kukaa, mikono ionekane. Kunywa kwanza. Miaka yote ile niliyodhani nafundishwa kuchangamsha wateja, nilikuwa nafundishwa kuwaambia sitawaua! Wala Skolastika hakuwahi kunieleza, kwa sababu kwake hilo si la kuelezwa, kama wewe usivyomweleza mtu kwamba mlango unaingiliwa. Na mimi na mmmh yangu! Wale watu hawakuwahi kuitazama sura yangu hata siku moja. Walikuwa wanatazama koo.

Baba Zuwena nilipomsimulia baadaye akasema, "Na ulikuwa safarini, mke wangu. Si ungekula tu, ukalipa baadaye?" Nilimkata jicho, hajarudia tena.

Basi, nilinyanyuka nikitaka kuaga. Mama Editha akanishika mkono.

"Jua likizama unakunywa?"

"Nakunywa."

"Kaa."

Akakifunika kile kikombe kwa sahani, akakiweka juu ya kigoda katikati ya ua, kila mtu akione. Tukakaa. Akanieleza habari za jumuiya, nami nikamweleza za mama yake Skolastika, akajifunga kanga upya akasikitika. Majirani hawakuondoka. Aliyekuja kuomba moto alikaa kwenye gogo na kijinga chake kikazimika mkononi. Yule aliyekuwa ameacha jembe alirudi na wenzake. Hakuna aliyenisalimia na hakuna aliyenifukuza. Wote wanatazama kikombe, halafu wanatazama jua kwenye vilima vya Burundi, halafu kikombe tena. Sijawahi kuona jua lenye kiburi kama lile.

Lilipozama, Mama Editha akakifunua. Uji umepoa, umeshika utando juu. Nikanyoosha mkono.

"Subiri," akasema. "Kimekaa."

Akanywa tena yeye kwanza. Akageuka ili watu wote wamwone anavyomeza. Ndipo akanipa.

Nikasema bismillahi, nikanywa. Nilinywa wote, mpaka chini, na nilikuwa nasikia macho ya kilima kizima kooni mwangu. Nikamrudishia kikombe kitupu. Mtu mmoja pale kwenye gogo akapiga makofi taratibu, yale ya salamu za Kiha, na mwingine akaitikia.

Mama Editha akasimama. "Mmeona," akawaambia. "Sasa kesho atazunguka, na nitazunguka naye. Mpaka mwezi wao uishe, kwenye kila nyumba nitakunywa mimi kwa niaba yake. Anayeogopa aniogope mimi."

Hee! Yule yule aliyeniita murozi! Nilimtazama nikadhani sijasikia vizuri. Mara nikahisi kanga yangu inavutwa. Ni Editha.

"Mama Uji," akasema, "mbona leo hukusema mmmh?"

Hapo ndipo kilio kilipotoka, wanangu. Nililia mbele ya watu wote kama niliyefiwa, huku Editha ameshika kanga yangu anasubiri. Nikajikaza, nikafumba macho, nikamtolea. Mmmh! Ndefu, kichwa kinayumba. Ua mzima ukaangua kicheko. Nikatoa simu, nikampigia Skolastika aliyekuwa anasubiri Kasulu, bado nafuta kamasi.

"Kaanga soya," nikamwambia.